Mrithi wa Uwongo na Hati Mbovu

Ndugu mkulima, baba amefariki, na hati ya shamba bado ina jina lake. Usilale. Pengine mtu usiyemjua amekwisha kwenda mahakamani Nairobi akajiita mwanawe. Ombi la mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Lisome, au mwombe mwanao akusomee. Siku hizo zikipita, usikate tamaa: barua ya mirathi iliyopatikana kwa hila yaweza kufutwa na mahakama.

Je, wataka kununua ploti Karen au Dagoretti? Usimpe hata senti moja mtu auzaye shamba la marehemu ikiwa mahakama haijathibitisha mirathi. Kachungue daftari la ardhi kwanza, Ardhi House au kwa Ardhisasa, iliyoanza Nairobi mwaka 2021. Lakini hiyo haitoshi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilikata shauri la kiwanja cha Nyali, Mombasa. Mnunuzi alikuwa na hati mkononi, lakini kiwanja hakikugawiwa kwa kufuata sheria tangu mwanzo, akakikosa.

Basi, kabla ya kulipa, uliza: hati hii ilitoka wapi?