Kazi au burudani? Simu yawachanganya vijana

ZAMANI mpaka kati ya kazi na starehe ulijulikana. Kengele ya kiwanda ilipolia jioni katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi, kibarua alijua kwamba saa zilizosalia ni zake mwenyewe. Kwa kijana anayeunda video za YouTube au TikTok, kengele hiyo hailii kamwe.

Mtazame anapoketi na wenzake kula nyama choma. Kabla ya kumega ugali, simu inatolewa, sahani zinapangwa upya, na kicheko kinarudiwa mara tatu kwa kuwa cha kwanza hakikunaswa vyema. Je, anastarehe ama yuko kazini? Huenda hata yeye hajui. Akitazama video za wengine hadi usiku, hudai kwamba anachunguza mitindo inayovuma, na mara nyingine ni kweli.

Utata huu unatokana na jinsi malipo yanavyopatikana. Ili apate mgao wa fedha za matangazo ya YouTube, mwenye chaneli hutakiwa awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12, au zile fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Kabla ya kufika hapo, haambulii chochote kutokana na matangazo hayo. Hufanya kazi bure akijiambia kwamba anajifurahisha. Akishafaulu, hofu humwingia kuwa akinyamaza wiki mbili tu, watazamaji watahamia kwingine.

Serikali kwa upande wake haina shaka kwamba hii ni kazi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha ushuru wa asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, baada ya mswada kupendekeza asilimia 15. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007, inayompa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, haimfikii kijana huyu, kwani hana mwajiri.

Nyumbani nako hali si tofauti. Mzazi akimkuta usiku wa manane akijibu maoni ya wafuasi, humkemea aache kucheza na simu, alale. Kukipambazuka, humwomba achangie karo ya mdogo wake.