Lema Lenye Uwazi kwa Samaki Wadogo

Tangu zamani wavuvi wa pwani ya Kenya wametumia lema, ambalo mahali pengine huitwa dema. Lema ni mtego uliosukwa kwa fito, wenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Mvuvi hutia chambo cha mwani, hulifunga mawe ili lizame, kisha huliacha karibu na miamba. Samaki huingia kwa urahisi, lakini kutoka humshinda.

Chombo hiki ni chema, maana hakibomoi miamba kama lifanyavyo juya la kukokotwa. Ila kina upungufu mmoja, nao ni huu: hakichagui. Tafi mzima aliyekwisha kutaga huingia, na tafi mchanga ambaye hajataga hata mara moja huingia pia. Wote wawili huishia katika kikapu kimoja. Mchanga huyo akiuzwa leo kwa bei ndogo, yeye na mayai ambayo angalitaga hupotea pamoja.

Ili kujua ni samaki yupi afaaye kuvuliwa na yupi afaaye kuachwa, ni lazima kwanza kujua umri wake na wakati wake wa kutaga. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe vidogo vya sikio. Vijiwe hivyo hukua kila siku, na kila siku huacha alama nyembamba, kama mti uachavyo duara katika shina lake. Mtaalamu hukikata kijiwe, hukisugua mpaka kikawa chembamba sana, kisha huhesabu alama zake kwa darubini. Kwa njia hii M. J. Ntiba na V. Jaccarini walipima umri na ukuaji wa tafi wa Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka 1988. Mwaka 1990 walionyesha tena ya kuwa tafi hatagi ovyo mwaka mzima, bali ana majira yake maalumu, ingawa maji ya pwani yetu yana joto siku zote.

Hata hivyo elimu hiyo peke yake haimlishi mtu. Mvuvi mwenye watoto nyumbani ana haki ya kuuliza, “Nikimwacha samaki mdogo aende zake, jioni tutakula nini?” Swali hili si la kudharauliwa, na jawabu lake halikupatikana kwa maneno bali kwa majaribio.

Katika maji ya Mombasa yalijaribiwa malema yaliyotiwa uwazi mwembamba uliosimama wima, wenye upana wa sentimita chache tu. Samaki aliyenaswa huzunguka kando ya kuta za lema akitafuta njia. Akiwa mdogo, au akiwa mwembamba kama kitatange, ambaye sokoni hana thamani kubwa, hupita katika uwazi huo akaenda zake. Akiwa mkubwa na mnene, mwili wake humzuia, naye hubaki. Mwaka 2013 E. K. Mbaru na T. R. McClanahan walitangaza matokeo: samaki wasiotakiwa walipungua, samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi hayakupungua bali yaliongezeka. Sababu yake si ngumu kufahamika. Samaki mkubwa huuzwa kwa bei bora, na yule aliyetoka hurudi miambani kukua na kutaga.

Uwazi huu, lakini, hauwezi kumwokoa kila samaki ambaye bahari yamhitaji. Mfano wake ni kikande. Kikande hula wale viumbe wa mviringo waliojaa miiba, ambao huwachoma watu miguuni wakati wa maji kupwa. Akivuliwa kupita kiasi, viumbe hao huongezeka bila kizuizi. Kazi yao ni kukwangua miamba wakitafuta chakula. Wakizidi, miamba huliwa kidogo kidogo, na mwani ambao ni chakula cha tafi na pono huisha. Basi samaki mmoja akiondoka, nyumba nzima hulegea.

Kwa sababu hiyo yahitajiwa pia mahali ambapo uvuvi umekatazwa kabisa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Wachunguzi walipolinganisha miamba ya namna hiyo na ile ivuliwayo sana, waliona ya kuwa penye ulinzi kikande ni wengi na viumbe wa miiba ni wachache. Huko Kuruwitu, katika Kilifi, wakazi wenyewe walikubaliana mwaka 2005 kufunga sehemu ya bahari yao, pasipo kungoja kulazimishwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote. Mvuvi mmoja akitia uwazi katika malema yake na jirani yake asitie, samaki aliyeachiwa na huyu leo atanaswa na yule kesho. Hapo elimu ya wataalamu hufikia mwisho wake, na mapatano ya watu huanza. Kamati za ufuo, zijulikanazo kwa herufi BMU, ziliwekewa kanuni na Serikali mwaka 2007 ili wavuvi wa kila bandari waweze kukaa pamoja na kuamua mambo kama haya.

Kukata uwazi katika lema ni kazi ndogo isiyohitaji fedha nyingi. Kukubaliana kwamba malema yote ya bandari moja yawe na uwazi huo ni kazi kubwa zaidi, wala hapana mgeni awezaye kuifanya kwa niaba ya wenyeji. Wahenga walisema, “Akiba haiozi.” Kwa mvuvi, akiba hiyo ni samaki mdogo aliye baharini bado.