Video ya Shamba Isiyotaja Mahali Wala Tarehe Itakupoteza



Siku hizi ukitaka kulima nyanya, tikiti au vitunguu, kitu cha kwanza unafungua YouTube. Sio vibaya, hata mimi naangalia. Shida ni kwamba video nyingi zinaonyesha shamba limependeza na mkulima anacheka, lakini hasemi yuko wapi, ni mwezi gani na kapanda mbegu gani. Ukiiga hiyo, hasara ni yako, sio ya aliyerekodi.

Chukua mvua tu. Kilimanjaro na Arusha kuna vuli na masika. Iringa, Njombe na Mbeya msimu ni mmoja, kuanzia karibu Novemba mpaka Aprili. Mtu wa Moshi akisema mwezi Machi "wakati wa kupanda mahindi ndio huu", kijana wa Makambako akimfuata atapanda mvua zikikaribia kukatika.

Dawa nazo hivyo hivyo. Dawa ya kantangaze unayoiona kwenye video ya nchi nyingine, huku inaweza kuwa na jina lingine au haijasajiliwa kabisa. Andika kiambato kilichomo, sio jina la chupa peke yake, halafu hakikisha imesajiliwa na TPHPA. Kipimo fuata lebo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. "Kifuniko kimoja kwa pampu" hakikusaidii kama hujui pampu yake ni ya lita 15 au 20.

Na wewe ukirekodi

Mnunuzi wa Dar hawezi kufunga safari kwa maneno ya simu tu. Video ya dakika mbili inaweza kumshawishi, ila iwe ya kuaminika:

1. Laza simu. Rekodi asubuhi, jua halijawa kali na upepo ni mdogo, ili sauti isikike.
2. Anza kwa kutaja tarehe, kijiji na wilaya, aina ya mbegu, siku uliyopanda na lini unategemea kuvuna.
3. Ingia katikati ya shamba, usiishie mistari ya pembeni. Penye ugonjwa paonyeshe pia. Akipakuta mwenyewe siku ya kupakia, bei itashuka hapo hapo.
4. Ukianza kuvuna, weka gunia kwenye mizani na namba ionekane. Hapo mtaongea kwa kilo, na habari za lumbesa utazikata mapema.

Kichwa cha video kiwe na zao, mahali na mwezi, maana ndivyo watu wanavyotafuta. Kama hutaki kila mtu aione, YouTube inakuruhusu kuificha, ikaonekana kwa uliyemtumia linki tu.

Kuhusu hela za matangazo, usizipigie hesabu mapema. Kwa video ndefu YouTube wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Gunia lako litauzwa kabla ya hapo.

Kwa hiyo kabla hujafuata video ya mtu, uliza manne: wapi, lini, mbegu gani, kipimo gani. Jibu likikosekana, jaribu kwanza kwenye matuta mawili, sio ekari nzima. Au mpigie afisa ugani wa kata yako, kazi yake ndiyo hiyo.