Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo: Sayansi ya Kusubiri Majibu ya Usaili

Mwaka 1993, Clemens Kirschbaum na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani walichapisha maelezo ya jaribio la kupimia msongo, yaani ile hali ya mwili na akili kujiweka tayari kukabili tishio, na tukio walilolichagua ili kumtia mshiriki katika hali hiyo bila kumdhuru lilikuwa usaili wa kazi. Katika jaribio hilo, ambalo hadi leo ni mojawapo ya yanayotumika zaidi katika maabara za utafiti wa msongo, mshiriki hupewa dakika 10 za kujiandaa, kisha husimama mbele ya jopo lisilotabasamu wala kutikisa kichwa, akaeleza kwa dakika 5 kwa nini yeye ndiye anayestahili kuajiriwa, na baada ya hapo hutakiwa kuhesabu kwa sauti akishuka kutoka 1022 kwa kutoa 13 kila mara, na akikosea huanza upya. Mate yanayochukuliwa kinywani mwake baadaye huonyesha kwamba kotisoli, homoni ya msongo inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, imepanda hadi mara 2 au hata 4 ya kiwango chake cha awali.

Hata hivyo, kotisoli hiyo hufika kileleni dakika kama 10 hadi 20 baada ya jaribio kwisha, halafu huanza kushuka, na kwa watu wengi wenye afya hurudi karibu na kiwango chake cha kawaida baada ya saa moja au zaidi kidogo. Kwa hesabu ya homoni peke yake, msailiwa aliyetoka mbele ya jopo saa nne asubuhi angepaswa kula chakula cha mchana akiwa ametulia. Inakuwaje basi kwamba wiki ya pili inamkuta bado halali vizuri, hamu ya chakula imepungua, na simu haimtoki mkononi? Swali hili linaonyesha kwamba kusubiri majibu ni msongo unaojitegemea, ambao haufai kuchukuliwa kama mabaki tu ya hofu ya siku ya usaili.

Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 2006 na Jos Brosschot wa Chuo Kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, akishirikiana na William Gerin na Julian Thayer, waliposisitiza kuwa madhara ya msongo hutegemea sana muda ambao mtu anaendelea kulibeba tukio akilini, ama kwa kulirudia likiisha kupita au kwa kuliwazia kabla halijafika. Fikra za namna hiyo, ambazo kwa Kiswahili zinaweza kuitwa fikra ng'ang'anizi, huendelea kuamsha moyo, mishipa na homoni ingawa jopo limekwisha kuvunjika na wajumbe wake wamerudi makwao. Miaka miwili kabla ya hapo, Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikuwa wamekusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara na kuonyesha kwamba kotisoli hupanda zaidi pale mambo mawili yanapokutana, yaani mtu anapopimwa na kuhukumiwa na watu wengine, na wakati huohuo akawa hana uwezo wa kuyageuza matokeo. Anayesubiri majibu ya usaili anaishi na mambo yote mawili usiku na mchana, kwa kuwa hukumu juu yake inatolewa katika chumba asichoweza kuingia.

Jambo la tatu, na ndilo zito kuliko mengine, ni kutokuwa na hakika. Mwaka 2016 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Archy de Berker, waliwachezesha watu 45 mchezo wa kompyuta wa kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, na kila nyoka alipoonekana mchezaji alipata mshtuko wa umeme mkononi, wenye maumivu ya kiasi. Kadiri mchezo ulivyoendelea, uwezekano wa kukuta nyoka ulibadilishwa, huku watafiti wakipima jasho la ngozi na upanuzi wa mboni za macho, ambavyo vyote ni dalili za msongo zisizoweza kufichwa kwa ujasiri. Msongo ulifika juu kabisa pale uwezekano ulipokuwa asilimia 50, hali ambapo mchezaji hakuweza kuegemea upande wowote, nao ulikuwa mdogo kuliko hapo hata pale mtu alipojua kwa hakika kwamba umeme unakuja. Inafaa wasomaji walitafakari tokeo hili polepole, kwa sababu linakwenda kinyume na faraja ambayo ndugu na marafiki huitoa kwa nia njema, ya kwamba madhali hakuna jibu basi bado kuna tumaini. Tumaini lipo, lakini mwili unalilipia.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2006 na Gregory Berns na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani, uliwahusisha watu 32 waliopigwa picha za ubongo huku wakisubiri mshtuko wa umeme mguuni, na baadhi yao, walipopewa nafasi ya kuchagua, walipendelea mshtuko mkali zaidi uje mapema kuliko mshtuko mwepesi wa kungojea. Kwa watu hao kungoja kulikuwa ni maumivu ya pili, tena yenye uzito wa kutosha kuyashinda ya kwanza katika mizani ya uamuzi.

Waswahili walikwisha kuliona jambo hili na wakalitaja kwa mahali pake mwilini, waliposema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Msemo huo hutumika zaidi kumhimiza mtu asicheleweshe shughuli, lakini kama maelezo ya fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, uko sahihi kwa kiwango cha kushangaza. Ukuta wa tumbo na utumbo una mtandao wake wenyewe wa seli za neva zaidi ya milioni 100, unaopokea habari kutoka kwenye ubongo kupitia mfumo wa neva unaojiendesha bila mtu kuuamuru. Na ubongo unapotangaza tishio, tumbo huchelewa kuteremsha chakula ilhali utumbo mpana huongeza mwendo, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukosa hamu ya kula na bado akaenda msalani mara kwa mara. Anayelalamika kwamba tumbo linamsokota tangu alipotoka kwenye usaili hajidekezi, wala hana sababu ya kuona haya.

Mtu aliyekuchunguza kungoja kwa undani kuliko wengi ni mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, ambaye katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 aliwafuatilia wahitimu 230 wa sheria waliokuwa wamefanya mtihani wa uwakili wa jimbo hilo, uliofanyika mwezi Julai na majibu yake kutolewa mwezi Novemba. Kwa kuwahoji mara kadhaa katika miezi hiyo minne, aligundua kwamba mbinu walizozitumia kujituliza, kama vile kujisahaulisha, kujipa matumaini makubwa, au kujiandaa kwa mabaya, hazikupunguza dhiki yao kwa kiasi cha maana. Utafiti wa kundi lake umeonyesha pia kwamba wasiwasi haupandi kwa mstari ulionyooka, bali huwa mkali mwanzoni, hulegea katikati, kisha hurudi kwa nguvu siku ya majibu inapokaribia. La kushangaza zaidi ni kwamba waliosumbuka sana wakati wa kungoja ndio walioipokea vizuri zaidi habari ilipofika, kwani walioshindwa walikuwa tayari kuchukua hatua nyingine, na waliofaulu walifurahi kuliko wale waliokaa kwa raha wakidhani mambo yao ni mazuri.

Hapa panahitaji tahadhari, maana wahitimu wale walikuwa na kitu ambacho wasailiwa wengi hawana, nacho ni tarehe. Ule unafuu wa katikati unawezekana kwa sababu akili inajua kwamba leo si siku yenyewe. Aliyeambiwa tu kwamba atapigiwa hana katikati, kwa kuwa kila asubuhi inaweza kuwa ndiyo siku, na ni jambo la haki kudhani kwamba kwake ule ukali wa mwisho hujirudia kila kukicha.

Njia moja iliyoonyesha nafuu ya kweli ni ile inayoitwa mtiririko, dhana ya mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, yenye maana ya kuzama katika shughuli ambayo ugumu wake unalingana na ustadi wa anayeifanya, lengo lake liko wazi, na matokeo ya kila hatua yanaonekana papo hapo. Mwaka 2019 Kyla Rankin, Lisa Walsh na Sweeny waliripoti kwamba wahitimu wa sheria, na pia wanafunzi wa shahada ya uzamivu waliokuwa wakitafuta kazi, walijisikia vizuri zaidi nyakati walipozama katika shughuli za aina hiyo. Runinga haitoshi, kwa sababu inaliacha wazo la usaili lizunguke nyuma yake. Lakini mchezo wa bao dhidi ya mpinzani wa kiwango sawa, ususi wa ukili, au kumfundisha mtoto hesabu za kugawanya huidai akili yote kiasi cha kutoiachia nafasi.

Kuhusu yale majibu ya usaili ambayo msailiwa huyarudia kitandani, akitamani kuyasema upya, kuna habari njema kidogo. Erica Boothby na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wasiofahamiana wakishazungumza, kila mmoja hukadiria kuwa amependwa na mwenzake kwa kiasi kidogo kuliko alivyopendwa kwa kweli, kwa sababu anasikiliza lawama zake mwenyewe kuliko dalili za uso ulio mbele yake. Usaili ni upimaji wa alama na si mazungumzo ya marafiki, kwa hiyo tokeo hilo halimhakikishii mtu kazi, ila linatosha kumfanya asiiamini sana kumbukumbu yake ya saa nane za usiku. Vilevile, Daniel Gilbert na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1998 uliohusisha usaili wa kuigiza, waliona kwamba watu hutabiri kuwa kukataliwa kutawaumiza zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko inavyotokea, kwa kuwa hawahesabu uwezo wa akili wa kujipatia maelezo na kujitibu. Uwezo huo unahitaji jibu ndipo uanze kazi, kwani jeraha ambalo halijulikani kama lipo haliwezi kuanza kupona.

Kwa upande wa waajiri, maarifa haya si mapya. David Maister aliandika mwaka 1985, katika uchambuzi wake wa foleni za wateja, kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo, na kungoja kusikoelezwa sababu hurefuka zaidi. Stephen Gilliland naye, mwaka 1993, aliliweka suala la kurudisha majibu kwa wakati miongoni mwa kanuni ambazo waombaji huzitumia kuupima uadilifu wa utaratibu wa ajira. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huchapisha majina ya wanaoitwa kazini, na matangazo hayo huwafahamisha wasioona majina yao kwamba hawakupata nafasi na kwamba wanaweza kuomba tena. Maneno hayo yanaweza kusomeka kama makavu, lakini yanaufunga mlango kwa heshima. Ile kanzidata, yaani hifadhi ya majina, ambamo Sekretarieti hiyo huwaweka waliofaulu usaili lakini wakakosa nafasi, nayo ni utaratibu wa haki, ingawa kwa mwili wa aliyemo ndani yake humaanisha kungoja kwingine kusiko na tarehe.

Lililo gumu zaidi kulitetea ni desturi ya ofisi nyingi binafsi, Tanzania na Kenya, ya kusema kwamba watakaofaulu pekee ndio watakaopigiwa, bila kusema ni lini simu hizo zitakuwa zimekwisha. Sentensi hiyo inaweza kuongezewa maneno machache tu, kwamba asiyepigiwa hadi Ijumaa ya tarehe fulani ajue nafasi imejazwa, na Jumamosi yake msailiwa akaamka, akanywa chai yake, akaanza kuandika barua nyingine ya maombi.