Damu Inatueleza Nini Kuhusu Saratani ya Utumbo Mpana?

Wagonjwa wengi hutuuliza: je, hakuna kipimo cha damu cha kuigundua saratani ya utumbo mpana? Kwa anayetoka Kilwa Masoko, takribani kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, swali hilo lina uzito. Kipimo cha damu kingempunguzia safari.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni CEA, protini iliyoelezwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada. Protini hiyo huweza kupanda kwa mvutaji sigara au mwenye ugonjwa wa ini, na kubaki ya kawaida kwa mwenye saratani changa. Kwa hiyo majibu mazuri ya CEA hayamwondolei mtu shaka. Manufaa yake ni katika ufuatiliaji: ikipanda baada ya upasuaji, huenda ugonjwa umerejea.

Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha kipimo kinachotafuta vinasaba vya saratani katika damu. Katika utafiti kiligundua saratani 83 kati ya kila 100, lakini vivimbe hatari ambavyo bado si saratani, 13 tu kati ya 100. Ilhali kuviondoa vivimbe hivyo ndiko kunakoikinga saratani.

Katika zahanati za pwani ya Lindi, kiashiria chenye msaada zaidi ni wingi wa damu. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja damu kidogo kidogo, isionekane chooni, hadi madini ya chuma yapungue mwilini. Malaria, kichocho na minyoo ya safura navyo hupunguza damu. Ndiyo maana ni rahisi kutoa vidonge na kumruhusu mgonjwa aende zake.

Mwanamume mwenye himoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke aliyekoma hedhi mwenye chini ya 12, chembe nyekundu zikiwa ndogo, atibiwe minyoo na apewe madini ya chuma. Lakini chanzo kitafutwe pia: kutoka hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, apewe rufaa hadi panapopatikana kolonoskopi, yaani kamera ya kuchunguza utumbo mpana.

Nawe mgonjwa, ukiona damu chooni, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, au ukikonda bila sababu, usijihukumie bawasiri kabla ya kuchunguzwa. Na ukiambiwa damu imepungua, uliza: inapotelea wapi?