Paa la Bati Kabla ya Masika

Mwenye nyumba atakaye kuondoa paa la nyasi na kuezeka mabati hana budi kuanza kwa kalamu na karatasi. Sehemu nyingi za Kenya masika huanza mwezi wa Machi. Basi yafaa kazi imalizike katika ukavu wa Januari na Februari. Aezuaye nyasi kabla hajanunua mabati yote, fedha zikimwishia njiani, mvua humkuta kuta zikiwa wazi, na ukuta wa udongo ulionyeshewa siku nyingi huporomoka. Heri nyasi kuukuu zikae juu mwaka mmoja zaidi.

Katika hesabu yake asisahau boriti, misumari na ujira wa fundi; wala mifereji ya kukingia maji, ambayo wengi huiacha wakidhani ni anasa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa lililofunika mita 6 kwa 5, likinyeshewa milimita 20, hushusha lita 600, ijapokuwa kiasi hupotea. Hayo ni madebe 30 ya lita 20, ambayo mama na watoto wangeyabeba kutoka mtoni. Maji ya kwanza yamwagwe, maana huosha vumbi na mavi ya ndege.