Kabla ya Kuuliza Kodi, Uliza Mbwa Atalala Wapi

NDUGU msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari ya kutafuta nyumba ya kupanga katika jiji la Dar es Salaam ukiwa na mbwa. Najua wapo watakaocheka. Watasema, watu wenyewe hawana pa kulala, huyu anatuletea habari za mbwa! Lakini ninayo sababu, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu mwenyewe, sioni haya kulieleza.

Miaka kadhaa iliyopita nilihamia Sinza na mke wangu, watoto wetu wawili na mbwa wawili, Simba na Bobi. Dalali alituonyesha vyumba vitatu ndani ya ua wenye wapangaji wanne. Nilipomwuliza kuhusu mbwa alinijibu, "Bosi, wala usiwe na wasiwasi, mwenye nyumba ni mtu mzuri." Nilikuwa nimechoka kuzunguka, basi nikaridhika na jibu lile. Mwenye nyumba mwenyewe sikumwuliza. Nikatoa kodi ya miezi sita, nikampa dalali kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao, tukahamia jioni mbwa wakiwa nyuma ya pikapu.

Wa kwanza kupata taabu alikuwa mama mmoja, mtu mzima, aliyepanga chumba cha mwisho. Kila alfajiri aliteka maji ya udhu akayaweka kwenye ndoo mlangoni pake, na Bobi akazoea kunywa humo. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Yule mama hakupiga kelele. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa wako, lakini ndoo yangu niiweke wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamfunga Bobi mnyororo karibu na bomba, mahali pekee palipokuwa na nafasi.

Sasa fikiri, msikilizaji: mbwa aliyezoea kutembea, amefungwa kutwa nzima kwenye njia ambayo kila mtu anapita kuchota maji. Jioni moja mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, alifuata mpira wake pale. Bobi akamng'ata mguuni.

Jirani mmoja aliyekuwa muuguzi ndiye aliyetuokoa na bumbuwazi. Aliamuru mguu uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, ndipo tukakimbilia hospitali. Huko swali la kwanza lilikuwa, "Mbwa amechanjwa?" Kadi ya Simba ilikuwa sawa. Ya Bobi ilikuwa imepitwa na muda kwa miezi minane. Kila mwezi nilijiambia nitampeleka mwezi ujao.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyia mzaha. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 duniani hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Virusi vyake huingia kwa mate kupitia jeraha, vikasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na ndiyo maana sindano zikitolewa mapema huokoa maisha. Dalili zikishaanza kuonekana, karibu hakuna anayepona.

Mtoto alianza sindano siku ile ile. Bobi naye akawekwa chini ya uangalizi wa siku kumi. Maana yake ni hii: mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anapouma huugua na kufa mnamo siku chache. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi siku ile hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, baba yake yule mtoto alikuja mlangoni kwangu. Hakuwa akinisalimu. Aliuliza neno moja tu, "Amekula?" Nami nikamjibu, "Amekula." Kisha akaenda zake. Siku ya kumi alikuja kama kawaida, akamtazama Bobi akinywa maji, akanipa mkono. Juma lililofuata mwenye nyumba alinitaka nihame, huku nikiwa bado na miezi miwili ya kodi. Sikumdai. Alikuwa na haki.

Katika kutafuta nyumba ya pili nilijifunza mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya ile ya kwanza, na leo nawapeni ninyi.

La kwanza ni ukubwa wa kiwanja. Jiji letu lilipangwa hivyo tangu ukoloni. Waingereza waliwatengea Wazungu Oysterbay, na viwanja huko vilikuwa vikubwa. Waafrika wakapewa sehemu kama Ilala na Magomeni, ambako viwanja vilikuwa vidogo. Humo ndimo ilimoenea nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, na jiko na choo uani. Ni nyumba nzuri ya kuishi watu kwa ujirani, lakini ua wake ni wa wote, na mbwa hawezi kuwa na kona yake. Sinza yenyewe ilipimwa katika miaka ya 1970 kwa mradi wa kuwapa wananchi wa kipato cha kawaida viwanja vyenye huduma, na tangu hapo nyumba zimeongezwa mpaka ukutani. Kwa hiyo ukiwa na mbwa, tafuta nyumba inayojitegemea yenye ukuta na geti lake, hata ikiwa ni vyumba viwili tu. Wenye fedha watakwenda Mikocheni au Mbezi Beach. Sisi wengine tutazame pembezoni, kama vile Bunju, Buyuni na Toangoma, ambako viwanja vingi vilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

La pili ni majirani. Usiende kuiona nyumba saa nne asubuhi tu, wakati watu wako kazini. Nenda jioni, ukae nusu saa. Tazama watoto wanachezea wapi. Tazama kama njia ya kwenda msikitini, shuleni au bombani inapita mbele ya geti lako. Gonga mlango wa jirani, useme wazi, "Shikamoo mama, nataka kuhamia hapa, nina mbwa wawili." Uso wake utakueleza mengi kuliko dalali. Wala usidhani kwamba Mwislamu ni adui wa mbwa. Mbwa wa kulinda nyumba na mifugo anaruhusiwa katika dini hiyo, na Kurani yenyewe inamtaja mbwa aliyelala pamoja na Watu wa Pangoni. Yule mama hakuwa anamkataa mbwa. Alikuwa anatetea maji yake.

La tatu ni ardhi yenyewe. Mwezi wa Agosti kila mahali ni pakavu. Uliza wakati wa masika maji hufika wapi. Desemba 2011 mafuriko ya Bonde la Msimbazi yaliua watu, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Katika mafuriko mbwa aliyefungwa mnyororo hana pa kukimbilia. Tazama pia kama uani kuna mti au upenu wa kivuli, maana joto la Januari hapa mjini juu ya sakafu ya saruji ni mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mimi nasema mnyororo juani kutwa nzima ni ukatili.

La nne ni umbali wa kwenda kwa bwana mifugo. Kondakta wa daladala hatakubali mbwa ndani ya gari lake. Utakodi bajaji au pikapu, na ukiona gharama ni kubwa utaahirisha, kama nilivyoahirisha mimi. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi karibu na siku hiyo huwepo kampeni za chanjo. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa.

La tano, na ndilo kubwa: mwone mwenye nyumba kwa macho yako. Mwambie idadi ya mbwa, ukubwa wao na mahali watakapolala, kisha maneno hayo yaandikwe katika mkataba. Akikataa, mshukuru uende zako. Heri kukataliwa ukiwa na fedha mfukoni kuliko kufukuzwa baada ya kulipa miezi sita. Ukificha, hujamdanganya mwenye nyumba peke yake. Umewadanganya pia majirani, ambao hawakupata nafasi ya kusema neno.

Sisi tulipata vyumba viwili Toangoma. Kodi ni nafuu, ila naamka alfajiri ili niwahi kazini, na mke wangu hunikumbusha kila mara kwamba tunaishi mbali kwa ajili ya mbwa. Ni kweli. Mbwa hakuomba kuja mjini. Mimi ndiye niliyemleta, na gharama ni yangu, si ya mtoto wa jirani.

Basi, ndugu msikilizaji, usipoweza kupata nyumba yenye nafasi, afadhali umwache mbwa kwa ndugu mwenye uwanja mpaka utakapoweza. Ukiipata, tazama kwanza kadi ya chanjo kabla hujafungasha vyombo. Mimi bado nasikia lile swali la asubuhi mlangoni, "Amekula?" Sipendi baba mwingine yeyote alazimike kuliuliza.

Hadi juma lijalo, kwaherini.